Yah: Kuchomwa Moto kwa Maharage Yetu ya Ndoa Kisiwani Kwenu

Bwana Meneja wa Shamba,

Nakusalimu kutoka Igowole, Mufindi, ambako ukungu wa asubuhi haujaondoka na mimi nimeshaanza kumkumbuka mume wangu. Naitwa Veneranda, mke wa Adrian, yule kijana aliyekuja kwako kwa mafunzo ya vitendo ya kilimo endelevu. Ndoa yetu ina miezi mitano, na mitatu kati ya hiyo unayo wewe. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa Adrian ndiye atakayekutafsiria. Naomba asiruke mahali popote, hata pale anaposifiwa.

Malalamiko yangu, kwa heshima zote, ni haya:

1. Maharage. Katika ukoo wa mume wangu, maharusi hupanda pamoja mstari wa kwanza wa msimu wao wa kwanza. Mume anachimba mashimo, mke anadondosha mbegu, na hakuna anayesema neno mpaka mstari uishe. Siku ya harusi, shangazi yake Paskalina wa Ilomba, kule Mbeya, alitupa debe la mbegu kwa kazi hiyo. Mvua ikachelewa, safari haikuchelewa. Basi nikamfungia Adrian viganja viwili vya mbegu hizo ndani ya soksi, tukakubaliana kupanda siku moja, yeye huko na mimi huku, kila mmoja akiwa amenyamaza. Alipofika, maofisa wenu wa ukaguzi waliyatoa maharage kwenye soksi, wakayatia kwenye mfuko kama ushahidi wa polisi, wakayachoma. Walieleza kwamba kisiwa chenu ni dhaifu na mbegu ngeni zinaweza kuleta wadudu. Bwana Meneja, maharage yale niliyachambua mimi mwenyewe, juani, nikiimba. Mdudu angepita wapi?

2. Mabuti. Yalioshwa kwa dawa mpaka udongo wote wa Mufindi ukatoka. Ulikuwa udongo wa njia ya kwetu, aliyoipita kila Jumapili akija kunichumbia. Tulikuwa bado tunauhitaji.

3. Yule ndege wenu asiyeweza kuruka. Kila nikipiga simu, Adrian yuko zamu ya kumlinda, kwa sababu hutaga yai moja tu kwa mwaka. Anaongea kwa sauti ya chini, laini, ili ndege asishtuke. Mimi nilidhani sauti ile ni yangu. Sina ugomvi na ndege huyo, lakini hata mimi siwezi kuruka, na sijawekewa mlinzi.

4. Jirani yangu, Mzee Filemoni, huegemea uzio wetu na kuniuliza, "Mwanangu, mumeo amevuka bahari kwenda kujifunza mbolea? Kwani ng'ombe wangu amemkosea nini?" Juzi Adrian aliniambia kwamba mapenzi yetu ni kama mboji, joto lake liko katikati. Nililia kwa furaha. Nilipomsimulia Mzee Filemoni, alirudi ndani kwake bila kuaga.

5. Katika picha ya mwisho aliyonitumia, Adrian ameshika chekeche upande mmoja, na upande wa pili limeshikwa na binti wa kujitolea kutoka nchi nyingine. Juu yake sisemi neno. Nauliza tu: ikiwa maharage yangu ni wageni wa hatari, yeye alipitaje?

Mnasema kitu kidogo, kichanga, kilichozungukwa na maji, lazima kilindwe kwa sheria kali. Nakubali kabisa. Ndoa yetu ni ndogo, ni changa, na kati yangu na mume wangu kuna maji matupu. Kwa hiyo naomba itangazwe kuwa eneo la hifadhi, viumbe wageni wasiisogelee, chekeche lishikwe na mtu mmoja, na Adrian arudishwe haraka kabla msimu haujapita. Yuko mmoja tu wa aina yake duniani, na makazi yake ya asili ni hapa. Debe letu liko chini ya kitanda, linamsubiri.

Wasalimie mkeo, wanafunzi wote na maofisa wote, isipokuwa aliyewasha kiberiti.

Mimi niliyeonewa lakini ninayependwa,
Veneranda, mke wa Adrian

N.B. Kabla ya kufunga bahasha nimefungua debe nichukue maharage machache ya kukuthibitishia usafi wake. Wadudu wamenirukia usoni. Yote yamebunguliwa, na gunia la Mzee Filemoni nalo, kwa kuwa nilimgawia kikombe akakichanganya humo. Tafadhali Adrian abaki mpaka amalize mafunzo yote, hasa somo la wadudu. Yule ofisa wa kiberiti msalimie wa kwanza, na umuulize kama anaweza kufika Igowole. Shangazi Paskalina asijue.

Adrian, hapa usimtafsirie: nimetafuta mbegu nyingine, safi, lakini mstari wetu sitaupanda peke yangu. Mashimo utachimba wewe. Nitanyamaza mpaka mstari uishe, halafu nina mengi ya kukuambia.