Kuku wa Bernadeta na Ndoo ya Tumbaku

Jumatatu, 3 Juni 2024
Binti yangu Julieth amepiga simu kutoka Igunga. Anakuja Jumamosi kwa ajili ya misa ya mama yake, mwaka mmoja tangu tumzike. Akauliza kama kuku wa mama hawajambo. Nikasema wananawiri. Akasema afadhali, maana akiwakuta wamechakaa atawachukua akawatunze mwenyewe.

Nikatoka kuwaangalia. Wamechakaa. Wamebaki wawili tu, Kishungi na Mweupe. Kinyesi kimegandamana kwenye manyoya ya nyuma mpaka wanatembea kwa kutanua miguu. Nilipomshika Kishungi, utitiri ukanipanda hadi kwenye kiwiko. Mke wangu Bernadeta alikuwa akimbeba kuku huyu kwapani akienda kuchuma mchicha. Akichukuliwa, nyumba hii haitakuwa na kiumbe kingine kinachomkumbuka ila mimi.

Jumanne, 4 Juni
Asmahani, jirani, amechungulia juu ya ua na kutoa ushauri ambao hakuombwa. Eti niwape dawa ya minyoo, niwaoshe nyuma kwa maji ya vuguvugu, nipunguze manyoya kidogo, nisafishe banda, nimwage majivu wajigaragaze. Kuku wake ni safi, na anapenda nijue. Lakini yeye ni Mzaramo na mimi Mnyamwezi. Sisi ni watani tangu mababu zangu wa misafara walipokuwa wakitembea hadi kwao pwani. Ushauri wake siwezi kuufuata.

Nikachukua mkasi wa kushonea wa Bernadeta. Kidogo? Kazi ifanywe mara moja. Kishungi sasa yuko uchi nyuma, mwekundu, na hataki kunitazama. Asmahani alicheka mpaka akakaa chini.

Alhamisi, 6 Juni
Wazo! Bernadeta alikuwa akiweka jani la tumbaku kwenye kiota, utitiri ukahama. Mimi nimepanga majani ya tumbaku kwa madaraja ya ubora maisha yangu yote. Nani atanifundisha tumbaku? Kama jani moja linafukuza utitiri, ndoo nzima itaumaliza kabisa. Nililoweka fungu zima jana. Leo maji ni meusi. Nikaanza na Mweupe, nikamzamisha hadi shingoni. Alitulia sana. Nikadhani ameyapenda.

Ijumaa, 7 Juni
Mweupe amekufa. Alianza kutetemeka jana kabla hajakauka. Nilimfunika kwa koti langu, haikusaidia. Ndoo nimeimwaga kabla ya zamu ya Kishungi. Nimemzika Mweupe nyuma ya jiko, nikalia. Sikulia hivi hata nilipozika ndugu zangu.

Asmahani akaja msibani, kwa haki yake ya utani. Kanga kiunoni, anaomboleza kuku, ananiigiza mimi na mkasi, anasema haondoki bila chai. Nikacheka kidogo. Kisha akamwigiza Bernadeta akiita kuku, kama alivyofanya siku tulipomzika mke wangu. Sauti ileile. Njooni wanangu, njooni. Kishungi akatoka mbio nyuma ya jiko, akamzunguka, akasimama anamtazama usoni. Asmahani akaifungua kanga kiunoni. Mimi nikaingia ndani.

Jumamosi, 8 Juni
Nahitaji kuku mweupe. Asmahani anaye. Nimemvuta kwa mahindi kupitia tundu la ua, taratibu, bila kelele.

Julieth aliteremka mchana. Shikamoo baba, marahaba mwanangu, moja kwa moja kwenye kuku. Akasema Mweupe amenenepa. Nikasema ni matunzo. Hapo jogoo wa Asmahani akawika, na Mweupe wangu akaruka ua kurudi kwao. Upande wa pili Asmahani akanishukuru mimi, Mzee Wilbroad, kwa kumtembeza kuku wake.

Ikabidi niseme yote. Julieth alicheka, halafu akalia. Akamshika Kishungi, akamfunua manyoya, akaona utitiri. Akaniuliza kama kweli sikuwahi kumwona mama. Kila Jumamosi alitoa majani ya kiota akayachoma, akafagia, akamwaga majivu, akaweka jani moja la tumbaku. Kavu, baba. Sikuwahi kumwona. Jumamosi nilikuwa kwenye bao.

Jumapili, 9 Juni
Tumetoka misa. Julieth akaandaa tenga la kusafiria. Nikasema nitamtia Kishungi mwenyewe. Nikamshika, nikasimama mbele ya tenga, na mikono ikakataa kuachia. Dereva wa bodaboda alikuwa anasubiri. Julieth akalifunga tenga, akasema basi, abaki. Ila banda lisafishwe kila Jumamosi, na Mama Asmahani nimsikilize. Nimeahidi mbele ya picha ya mama yake.

Jumamosi, 15 Juni
Siku ya banda. Nimefungua mlango, nikaona kikapu cha Bernadeta cha mayai kinaning'inia palepale alipokiacha. Nikafunga mlango. Nikawaza vizuri. Banda chafu halimdhuru kuku asiyelala bandani.

Kishungi amehamia chumbani. Tena tangu Jumatatu, nilikuwa sijaandika. Analala kwenye mto wa Bernadeta, upande ule wa ukutani. Kabla ya kusinzia anatoa sauti ndogo, na nyumba haiwi kimya. Julieth alipopiga simu nimemwambia ananawiri, banda linang'aa.

Tatizo ni dogo tu. Sasa najikuna mimi. Shingo, kwapa, kila mahali. Asmahani amechungulia, akaniambia nimtoe kuku ndani, nianike godoro, nioge kwa sabuni. Mzaramo huyo, hachoki.

Nimeloweka tumbaku. Si ya Kishungi, mimi si mjinga. Ni ya kuoga mwenyewe, kesho kabla ya misa.