Ombi la Kusitisha Kadi Mpya Mpaka Nitakapomaliza Kuamua

Studio ya Ambrosi,
Ilomba,
Mbeya.

Kwa Watengenezaji wa Kadi za Grafiki za Kompyuta,
Popote kiwanda chenu kilipo.

Ndugu Watengenezaji,

YAH: OMBI LA KUACHA KUTOA KADI MPYA KWA MUDA

Natumaini kiwandani kwenu hamjambo na umeme haukatiki. Sisi hapa Ilomba tu wazima, isipokuwa kompyuta. Tangu Rabson wa Makongolosi alete video ya harusi ya binti yake ili niihariri, kompyuta inagoma pale pale maharusi wanaposhika kisu cha keki. Kisu kinagusa keki, kioo kinaganda. Keki hiyo haijakatwa hadi leo, na bibi harusi mwenyewe nasikia sasa ana mimba kubwa.

Mimi ni Verediana, mjane wa Ambrosi, aliyekuwa na studio hii ya video za harusi, kipaimara na misiba. Shule niliishia darasa la saba. Kazi hii nilifundishwa na yeye, nikiwa nimekaa kwenye kigoda upande wake wa kushoto. Fundi ameikagua kompyuta akasema kadi ya grafiki, kile kifaa cha ndani kinachoendesha picha, imechoka, ninunue nyingine. Hapo ndipo mnapohusika ninyi, kwa sababu kila nikitaka kununua mnatangaza mpya. Naomba nieleze malalamiko yangu kwa utaratibu.

1. Mnatangaza kitu ambacho hakipo. Marehemu mume wangu alikuwa na desturi ya kunisomea habari zenu kwenye simu wakati wa chai ya jioni. Alikuwa akisema, "Mama Lusia, hii ya sasa tuiache. Inayokuja ni kiboko." Namwuliza, "Si ulisema hivyo hivyo ile ya mwaka juzi?" Anajibu, "Ile ilikuwa inakuja. Hii inakuja kweli." Tukaishi hivyo miaka mingi, sisi na kadi inayokuja.

Alipolazwa na hali ikawa mbaya, ndugu walisogea kitandani kusikia atakachoniambia. Ambrosi akanishika mkono akasema, "Ikitoka usiikimbilie. Waache watu waitumie kwanza, usikie wanasemaje." Shemeji yangu alidhani ni hati ya kiwanja chetu cha Iringa. Mpaka leo ananiuliza ni watu gani hao tuliowaachia hati waitumie.

2. Namba zenu hazina mwisho. Binti yetu Lusia ana duka la pembejeo Iringa, na yeye hana subira na mambo haya. Aliniambia kwenye simu, "Mama, hata mbegu za mahindi zina namba, na kila msimu inaletwa mpya. Mkulima akiona mvua imeshika, anabeba iliyopo dukani. Na wewe mvua yako imeshanyesha, kuna keki ya watu hapo." Nilimjibu kwamba mahindi yanaliwa yakaisha, lakini kadi inakaa ndani ya kompyuta na wewe unakaa nje, mnaishi pamoja.

Kadi iliyomo sasa aliiweka Ambrosi mwenyewe. Skrubu moja ilipotelea chini ya kabati, akaifunga kwa kipande cha waya wa antena, akaniomba nisimwambie mtu. Sijamwambia mtu ila ninyi. Mwezi wa saba, baridi ikizidi, alikuwa akitundika soksi nyuma ya kompyuta zikauke kwa joto lake, na wateja wakija anazificha kwenye droo ya karatasi. Kununua mpya maana yake ni kufungua boksi la kompyuta alilolifunga yeye na kuitoa kadi aliyoiweka kwa mkono wake. Jambo hilo naweza kulifanya mara moja. Siwezi kulifanya kwa ajili ya kadi ambayo ninyi mtaiita ya zamani kabla ya Pasaka.

3. Mmemharibia Himmat biashara. Himmat ana duka la vifaa vya kompyuta hapa mjini, na alikuwa rafiki wa mume wangu. Ni mtu mwaminifu kupita kiasi cha muuza duka. Nilikwenda nikiwa nimeshaamua kabisa, nimevaa na viatu vya kutokea. Akaitoa kadi, akaifuta vumbi, akaisifia vizuri, halafu akashusha pumzi. "Mama, hii nzuri sana. Lakini mke wa Ambrosi siwezi kumdanganya. Nyingine inatoka mwezi wa tatu." Akairudisha kwenye rafu. Nilirudi nyumbani na waya wa chaja tu, ambao sikuuhitaji.

4. Jina mlilochagua ni baya. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Ninyi hamjui kwamba huku kwetu mtu akisema "kadi" bila maelezo, wengine wote wanaisikia ya harusi, na mkono unakwenda mfukoni kulinda kilichomo.

Nilikuwa gengeni kwa Eveline, ambaye pia ni mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Kikatoliki, nachagua nyanya. Himmat akapiga simu. Nikamjibu, na sikuwa na sababu ya kunong'ona, "Ndiyo, sasa nimeamua. Kadi ikitoka tu, ya Ambrosi naitoa. Na Rabson naye amesubiri sana, namwonea huruma." Nilipomaliza nilimkuta Eveline anaangalia kidole changu chenye pete. Aliniongezea nyanya nne bila kuombwa.

Jioni akaja nyumbani. "Mama Lusia, sisi hatuna neno, maisha lazima yaendelee. Kadi ni za rangi gani, tujue kitenge cha sare?"

"Ni moja tu," nikamwambia. "Nyeusi, ila ina vitaa."

"Moja? Kwa ukumbi mzima?"

"Moja inatosha, mradi iwe na nguvu."

Akahesabu kitu kwa vidole. Kisha akasema ni vizuri, siku hizi gharama zimepanda, akaondoka. Jumamosi yake kwenye jumuiya waliwaombea wenzetu wanaojiandaa kupokea sakramenti. Mimi nikaitikia kwa sauti kuliko wote, nikidhani ni watoto wa kipaimara. Na Rabson alipofika kuulizia video yake alipokelewa getini na kina mama wa jumuiya kwa vigelegele. Rabson ana mke. Mke alikuwa kwenye gari.

Haya yote yasingetokea kama mngekiita kifaa chenu jina jingine, hata sahani.

Kutokana na hayo, naomba mambo yafuatayo kwa heshima zote.

(a) Kabla ya kutoa kadi mpya, itangazwe kanisani Jumapili tatu mfululizo, kama tunavyotangaza ndoa, na mwenye kujua kizuizi aseme. Mimi kizuizi ninacho.

(b) Mtu akishanunua kadi, msitoe nyingine mpaka kifo kiwatenganishe, kiwe chake au cha kadi. Utaratibu huu si wa kwangu, ndio tuliopewa mimi na Ambrosi mbele ya padri, na ulitufaa. Miaka yote ile hakuna aliyetutangazia kwamba mwezi wa tatu kuna mke mwenye kasi zaidi.

(c) Kama (b) ni ngumu, basi fungeni kiwanda mpaka misa ya mwaka ya Ambrosi itakapopita. Najua mna wafanyakazi. Wapeni likizo. Wakikosa pa kwenda waje Mbeya, viazi vipo, parachichi zipo, na chumba cha Lusia kiko wazi. Waambieni tu waje na makoti, maana watu wa mbali huja hapa na vishati wakidhani Afrika yote ni joto.

(d) Tumeni ofisa mmoja aje kwenye jumuiya yetu Jumamosi asubuhi, na kadi mkononi, awaeleze kina mama kwamba kitu hiki hakina bwana harusi. Aketi mbele, asiketi karibu na mimi.

Mkikataa yote manne, sitakuwa na njia isipokuwa kutengeneza kadi yangu mwenyewe hapa Ilomba. Fundi ninaye. Nikishaanza nitatoa moja tu, sitaipa namba, na sitamtangazia mtu.

Nisalimieni wote hapo kiwandani, wanaochora, wanaochomelea, anayepika na mlinzi wa usiku. Mwambieni anayeandika matangazo kwamba anaandika vizuri mno, apunguze. Himmat anawasalimu. Eveline naye angewasalimu, ila kwa sasa anatafuta kitenge.

Nawatakia kazi njema, lakini ya polepole.

Ni mimi, mteja wenu ambaye bado hajanunua,

Verediana (Mama Lusia)

Nyongeza: Barua hii ilikaa mezani nikitafuta anwani yenu, na hakuna aliyeijua. Wakati huo kadi ya mwezi wa tatu ikatoka. Himmat hakunipigia simu, alikuja nayo mwenyewe, akaiweka mezani na kusema, "Leo mimi sijasikia kitu chochote kinakuja." Nilimwona jinsi anavyojitahidi. Boksi la kompyuta tulilifungua pamoja, mimi nikashika tochi, na nilipoona mkono wake unaingia ndani niliangalia dirishani kidogo. Sasa video inakwenda mpaka mwisho na maharusi wamekula.

Kwa hiyo naomba mpuuze maombi yote hapo juu. Kiwanda kisifungwe hata siku moja. Jana wakati wa chai nilisoma kwenye simu kwamba kadi ya mwakani itakuwa kiboko, na kwa kweli naona hii niliikimbilia. Kama kuna habari zaidi, hata za uvumi, zitoeni mapema tu. Rabson alipokuja kuchukua video alisema ana binti mwingine anayeolewa mwakani, akaniuliza taratibu, maana aliniona nimekonda, kama nitakuwepo kuifanya kazi. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, mwakani nipo, kuna kadi inatoka.