Nilivyoiokoa Dunia Nikiwa Ofisini

Jumatatu, 6 Oktoba
Habari njema! Asubuhi bosi wetu, Mama Theresia, katukusanya. Mnunuzi wa korosho wa ng'ambo anataka mawakala wa usafirishaji kama sisi wanaotunza mazingira hadi kwenye kompyuta. Tupunguze umeme, karatasi na mafaili yasiyo na kazi, kwa kuwa kila faili linalohifadhiwa linakula umeme mahali fulani. Atakayefanya vizuri atakuwa Msimamizi wa Mazingira, na atahamia meza ya dirishani, inayotazama bandari. Yangu inatazama mlango wa choo.

Filipo wa uhasibu akaanza kueleza habari za seva utadhani kaizaa mwenyewe. Nikawa natikisa kichwa kama mjuzi. Sikuelewa kitu. Meza ni yangu!

Jumanne, 7 Oktoba
Nimeanza kwa kishindo. Nimezima kiyoyozi kabla watu hawajafika, rimoti nikaitia mfukoni. Joto la Mtwara mwezi huu halina adabu. Mgeni wa bandarini aliomba maji, akaomba tena, mwisho akaomba ruhusa aondoke.

Kisha nikawaandikia wote barua pepe ndefu kuwasihi wapunguze barua pepe. Nikaambatisha picha ya msitu. Picha ya kupendeza mno! Kompyuta zikaganda ofisi nzima. Zilipozinduka kila mmoja akajibu "Asante", na kila asante ikatufikia sote pamoja na msitu wangu. Filipo akaniuliza kwa upole picha ile ina uzito gani. Nikamjibu kwamba uzuri haupimwi kwa kilo.

Rimoti imegunduliwa. Ilianguka nilipoinama.

Jumatano, 8 Oktoba
Filipo kateleza! Katutumia wote hati za shehena ya korosho, viambatisho chungu nzima, barua nzito kama gunia. Nikaandika malalamiko. Nikayachapa nakala tatu, yawe rasmi. Filipo akajitetea kwamba shehena kubwa namna ile inahitaji nakala ya akiba. Kisingizio! Mama Theresia akamwambia ajirekebishe.

Nimerudi nyumbani Likombe na pweza wa kukaanga kwa ajili ya mke wangu. Safina kauliza kuna nini. Nikasema haki imetendeka. Kasema pweza ana chumvi.

Alhamisi, 9 Oktoba
Siku ya ushindi. Nimeisafisha seva ya ofisi! Takataka tupu humo. Kulikuwa na folda iitwayo "Korosho Mwisho", nyingine "Korosho Mwisho Kabisa", nyingine "Korosho Mwisho Hii Ndiyo". Mwisho ngapi, jamani? Nimezifuta zote. Na kapu la taka nalo nikalimwaga, dunia isibaki na mzigo.

Mama Theresia alipoona nafasi iliyopatikana akanipigia makofi mbele ya wote. Filipo alikuwa benki. Laiti angeshuhudia!

Ijumaa, 10 Oktoba
Nilikuwa natoka msikitini simu ikaita. Meli ipo gatini, forodha wanataka hati za korosho, na hati hazipo. Ile "Hii Ndiyo" kumbe ndiyo.

Nimefika nikamkuta Mama Theresia amekaa, mikono mapajani. Hakunifokea. Bora angefoka. Alisema tu, "Mustafa, meli ikiondoka bila mzigo huu, mnunuzi naye kaondoka. Ofisi hii nitaifunga." Nikatazama viatu vyangu. Nikafikiria ada ya watoto, nikafikiria uso wa Safina.

Ndipo Filipo akafungua barua pepe alizotuma. Ile nzito kama gunia ilikuwamo, na hati zote ndani yake. Akazipeleka forodha hapo hapo. Jioni makontena yalikuwa yanapakiwa.

Nilingoja anisimange. Nilikuwa nimeandaa hata jibu. Akaniuliza tu, "Ndugu yangu, umekula?" Sikuwa nimekula. Tukala chapati na maharage palepale. Chapati ya mwisho nikamwachia yeye.

Jumatatu, 13 Oktoba
Meza ya dirishani kapewa Filipo. Haya. Mama Theresia alitaka kunisimamisha kazi, Filipo akaniombea, na sasa mimi ni msaidizi wake. Kanipa kazi moja tu: kila jioni nizunguke nizime kompyuta na taa. Kanisisitiza nisifute chochote. Nimeapa.

Ila kuzima moja moja ni kazi ya mtu asiye na akili. Leo baada ya wote kuondoka nimezunguka nyuma ya jengo, nikakuta swichi kuu. Moja tu! Nimeishusha, jengo zima likanyamaza. Hata lile lidude linalonguruma ghorofa ya chini usiku na mchana limetulia tuli. Hakuna atakayenifikia kwa kuokoa umeme. Na sikufuta kitu!

Nimemsimulia Safina tukiwa tunakula. Kaniuliza chini kuna nini. Nikamwambia ni Bi Sharifa, yule anayeuza samaki na kamba waliogandishwa, na kwamba bili yake ya umeme mwezi huu itamfurahisha sana.

Safina kaacha kula, kanikodolea macho tu. Nadhani ndio kwanza ametambua kaolewa na mtu wa aina gani.