Kamera Isiyo na Mkanda Yafika Sulphur Wells

Jumatano, tarehe 12 Mei 1915. Upepo mkavu wa jangwani uliamka kabla ya watu, na kufikia saa mbili asubuhi vumbi la Arizona lilikuwa limekwisha kuingia katika kahawa ya kila mtu.

Alonzo Pettibone alishuka kwenye treni akiwa na suti nyeupe na kipaza sauti cha bati. Nyuma yake alikuja mwenzake, Wendel, akiwa na kamera begani. Kamera yenyewe ilipendeza. Ilikuwa na miguu mitatu, mpini wa kuzungusha, na ndani yake soksi nne na kipande cha soseji. Mkanda wa picha haukuwamo. Mkanda ni ghali, na Alonzo alikuwa mtu wa kubana matumizi.

Aliwatazama wanaume waliosimama kituoni, moyo ukamruka kwa furaha. Hawa walikuwa wachunga ng'ombe wa kweli, waliolelewa juu ya tandiko. Lakini tangu sinema ianze kuonyeshwa kila Jumamosi katika ghala la nafaka, walikuwa wamegundua kwa aibu kubwa kwamba hawafanani na wachunga ng'ombe. Sasa kila mmoja alivaa kofia pana kama mwavuli, maana ndivyo walivyovaa makauboi wa kwenye picha, ambao wengi wao walikuwa vinyozi kutoka Chicago. Mzee Jubal Oakes, mwenye miaka sabini, alikuwa akijifunza upya kumpanda farasi wake mwenyewe, kwa kumrukia kutoka nyuma.

"Wendel," Alonzo akanong'ona, "Mungu anawapenda wajinga, ndiyo maana kawaumba wengi. Hapa tunavuna."

Mungu hakuhusika, lakini tapeli humtaja Mungu kama mlevi anavyomtaja mkewe: akishaharibu, au akikaribia kuharibu.

Kabla ya chakula cha mchana, Alonzo alikuwa amekwisha kukaa mezani na Lemuel Stackhouse, mwenye benki, mtu aliyetanguliwa na tumbo popote alipokwenda.

"Nani atakuwa steringi?" Lemuel aliuliza.

"Nikikutazama, bwana, swali hilo linanitia aibu."

Lemuel alisokota sharubu. "Na steringi hafi?"

"Steringi afe, watu wadai nauli zao? Hata akipigwa risasi kumi na mbili, anafungwa leso mkononi, basi. Maadui wanaiba benki yako, wewe unawafukuza, unawakamata, unaoa."

"Mke wangu je?"

"Tutamwambia ni sanaa."

Wendel alikohoa, kama walivyopanga tangu kwenye treni. "Bosi, lile begi la dhahabu tutalijaza mawe, sivyo?"

Alonzo alifumba macho kama mtu aliyetukaniwa mama. "Mawe, Wendel? Mawe yanang'aa? Watu wa New York wataona mawe, waseme, 'Kumbe benki ya Stackhouse inatunza mawe!'"

"Benki yangu haina mawe!" Lemuel alipiga meza, supu ikamwagika. "Itaingia dhahabu halisi, tena yote!"

Dhahabu hiyo haikuwa yake. Ilikuwa akiba ya mji mzima, ya wajane, ya wachunga ng'ombe na ya kanisa. Lakini mtu anapoahidiwa usteringi, hesabu za namna hiyo humtoka kichwani.

Alasiri mji wote ulikusanyika kanisani kugawiwa kazi. Makauboi arobaini walitaka kuwa steringi, wala hakuna aliyetaka kuwa adui. Alonzo akajitolea, yeye na Wendel, na watu wakampigia makofi kwa unyenyekevu wake. Kuzungusha mpini wa kamera alipewa Mchungaji Lindqvist.

"Mizunguko miwili kwa sekunde, baba mchungaji. Imba wimbo wa kanisa taratibu, hutakosea."

"Nitaimba nyimbo zote ishirini na mbili," mchungaji aliahidi, na alimaanisha.

"Sasa sikilizeni," Alonzo alisema. "Maadui watakimbilia kaskazini. Ninyi mtatufukuza kuelekea kusini."

Sherifu Obadiah Trask, polisi pekee wa mji, alikuna kidevu. "Tukielekea kusini, tutawakamataje walio kaskazini?"

"Sherifu, umetazama sinema ngapi?"

"Sijakosa Jumamosi hata moja."

"Basi unajua. Adui anapita, anapotea. Ndipo wafukuzaji wanapita. Umewahi kuwaona pamoja kabla ya mwisho? Vipande hivyo hukatwa kwa mkasi na kuunganishwa kwa gundi."

"Ah, mkasi!" Sherifu alisema haraka, na watu wote wakaitikia, "Mkasi, bila shaka!" Hakuna aliyekuwa tayari kuonekana mshamba mbele ya jirani yake.

Saa kumi na moja, Alonzo na Wendel walikuwa kwenye roshani ya hoteli, miguu juu. Ng'ambo ya barabara, Bibi Ottilie Brandvold, mshona nguo, alikuwa dirishani na sindano yake. Alikuwa kiziwi tangu utotoni, kwa hiyo Alonzo hakujisumbua kupunguza sauti.

"Ijumaa saa tano tunabeba begi. Saa saba tumeshavuka milima, na wao wanatutafuta kusini! Soksi zangu uzitoe kwenye kamera, mwanangu. Zile za pamba nazipenda."

"Nawaonea huruma, bosi."

"Nami pia. Kesho kutwa nitawaonea zaidi, nikiwa mbali."

Ijumaa ilipofika, mambo yalinyooka hadi Alonzo akaona haya kidogo. Lemuel mwenyewe alimkabidhi begi, zito ajabu, na kumshika mkono kwa nguvu. Sherifu alimletea farasi jike mweupe, manyoya yaking'aa kama hariri.

"Anaitwa Dachesi," Sherifu alisema.

"Ana mwendo?"

"Hakuna barabara ya mji huu asiyoijua."

Alonzo alipiga bastola hewani. Mchungaji alizungusha mpini, akiimba kwa sauti nzito. Adui akaruka juu ya tandiko, akamchoma Dachesi kwa visigino, na farasi akatoka kwa madaha. Alipofika nyumba ya tatu, alisimama.

"Twende!" Alonzo alifoka.

Mlango ulifunguliwa. Mama mmoja alitoka na chupa tupu. "Leo nipe mbili," alisema. "Nina wageni."

Ndipo Alonzo alipofahamu kwamba amempanda farasi wa muuza maziwa. Alimpiga, alimbembeleza, akamwahidi tufaha. Dachesi aliondoka, akasimama nyumba ya nne. Nyumba ya tano. Farasi wa Wendel alimfuata nyuma kwa mapenzi, akisimama kila aliposimama. Na nyuma yao, kwa mwendo wa mazishi, walikuja makauboi arobaini wakila karanga.

"Kusini ni kule!" Alonzo aliwapigia kelele.

"Tumeona tusiende mbali," Sherifu alijibu. "Mkasi usije ukapotea."

Alonzo alifungua begi. Lilijaa vyuma vya kwato za farasi.

Bibi Ottilie alipita katikati ya umati na kibao chake cha kuandikia. Hakuna aliyeipenda sinema kuliko yeye, maana ghalani hakuna aliyesikia kitu, wote walikuwa sawa. Ila yeye alipata zaidi ya wengine, kwa kuwa alijua kusoma midomo. Aliona kwamba steringi, akimpigia magoti mchumba, midomo yake ilikuwa ikimtukana mwongozaji, na kwamba bibi harusi, akilia, alikuwa akiomba mkate wenye nyama. Jumatano, dirishani, alikuwa ametazama sinema ya bure. Aligeuza kibao. Kiliandikwa: SOKSI NNE. ZA PAMBA.

Mchungaji alifungua kamera, akachungulia, akanyanyua soksi moja kwa vidole viwili.

Hapo ndipo Alonzo alipoogopa kweli. Habari za wizi wa dhahabu Bibi Ottilie alikuwa amewaambia tangu juzi, nao wakazipokea kwa utulivu; ila za soksi aliziona nzito mno, akaziweka akiba. Lakini kamera tupu!

"Nimeimba nyimbo zote!" mchungaji alilia. "Mkono umevimba! Kwa ajili ya soksi?"

"Nami nimeanguka mara sita!" Mzee Jubal alisema, machozi yakimlenga. "Na ile ya sita ilikuwa nzuri, jamani!"

"Afungwe miaka kumi!" Lemuel alipaza sauti.

"Akifungwa, picha ataipiga nani?" Sherifu aliuliza, na mji mzima ukaingiwa na hofu.

Wakakubaliana. Usteringi atapewa Mzee Jubal, kwa ajili ya ile ya sita. Wendel atakaa mahabusu kama dhamana. Alonzo atauza saa, pete na suti, anunue mkanda. Asipokula kiapo, jela ni mlango wa pili.

Alipandishwa juu ya ngazi za kanisa, uso ukiwa kwenye jua, Bibi Ottilie akiwa mbele yake. Aliinua mkono wa kulia, akaapa vizuri sana, na mwishoni midomo ikacheza kidogo bila sauti.

Bibi Ottilie aliandika: AMEONGEZA "NIKIPENDA".

Makauboi arobaini walisogea hatua moja. Alonzo alianza upya, polepole, kila neno likionekana.

"Mimi, Alonzo Pettibone, naahidi mbele za Mungu na mbele yenu wote, kwamba nitanunua mkanda kwa mali yangu, nitaipiga picha hii kuanzia mwanzo hadi mwisho, steringi atakuwa Mzee Jubal, adui nitakuwa mimi, na nitatumbukia katika hori la kunyweshea farasi mara zote atakazotaka Bibi Ottilie, hadi yeye mwenyewe aseme inatosha."