Msongo Niliomtengea Taratibu

Jumatatu, 4 Machi

Habari kubwa karakanani. Fundi mkuu wa meza ya kukatia anastaafu, macho yamemchoka. Baada ya chai, Mama Bosi mwenye karakana alitukusanya mafundi wote akatangaza: Jumamosi wagombea wawili watakata koti mbele yake, kila mtu na meza yake. Atakayekata vizuri zaidi ndiye mkuu mpya. Wagombea ni mimi na Taratibu.

Taratibu! Jina la kupachikwa, na limemkaa kama shati la kupimiwa. Mtu anayekunywa chai kana kwamba anaisoma. Anapima kitambaa, anapima tena, halafu anatazama dirishani kidogo kama anayeomba ushauri wa mawingu. Mimi nimeshakata suruali na kushika nyingine, yeye bado ananoa chaki. Ila hajawahi kuharibu kitambaa. Hilo ndilo tatizo lake. Au tuseme, tatizo langu.

Jioni alikuja shemeji, mdogo wake mke wangu, muuguzi wa zahanati. Mke wangu akanishtaki kwake kwamba tangu nirudi kutoka kazini nakula nimesimama. Shemeji akaweka kijiko chini, akaanza somo. Akasema mwili una kengele ya hatari. Ubongo ukiona jambo la kutisha, neva hupeleka habari kwenye vitezi viwili vilivyokaa juu ya figo kama kofia. Vitezi vinamwaga homoni. Moyo unakwenda mbio, viganja vinatoa jasho, mikono inatetemeka, tumbo linafunga duka. Kengele ikilia mara moja, ni msaada. Ikilia wiki nzima, ni balaa.

“Shemeji,” akaniambia, “nyumba ikipigiwa kengele ya moto, hata mlinzi wa mlangoni anaacha lango na kubeba ndoo. Sasa kengele isipokoma, mwizi si ataingia anatembea? Kinga ya mwili ndiyo huyo mlinzi.”

Mke wangu alisikia onyo. Mimi nilisikia mbinu.

Nikiipata kengele ya Taratibu nikaipiga kila siku, ifikapo Jumamosi mikono itamcheza na mafua yatamkaba. Bila kumgusa hata ukucha! Sayansi tupu.

Jumanne, 5 Machi

Nimeanza. Asubuhi nilimwendea Taratibu kwa uso wa msiba. Nikamwambia nimesikia Mama Bosi akilitaja jina lake kwa sauti ambayo mimi, kama ningekuwa yeye, nisingeipenda. Zaidi ya hapo sikusema. Fundi mzuri huacha pindo.

Nilitarajia atakesha na fumbo hilo siku kadhaa. Yeye akaweka mkasi, akafuta mikono, akaenda moja kwa moja ofisini kumuuliza.

Hilo sikulipigia hesabu. Nani anakwenda kuuliza?

Mlango ulifungwa. Nikakaa kwenye cherehani naona picha mbaya tu. Atanitaja. Mama Bosi ataniita. Moyo ulidunda mpaka nikadhani kanyagio linajiendesha lenyewe. Viganja vilitota jasho, nikaacha alama za vidole kwenye kola nyeupe ya watu.

Taratibu akatoka anatabasamu. Kumbe Mama Bosi kweli alikuwa amemtaja, kwamba vifungo vyake havijawahi kurudishwa na mteja. Amenishukuru kwa kumfikishia habari njema. Akanimegea nusu ya mkate wake. Sikuweza kuumeza. Tumbo lilikuwa limefunga duka.

Jumatano, 6 Machi

Maneno hayamfai mtu wa aina ile. Anahitaji kelele.

Nilifika wa kwanza nikaficha saa ya kengele, ile kubwa ya mke wangu inayoamsha mtaa mzima, ndani ya droo ya meza yake. Nikaitegesha ilie saa ambayo huwa anakata mabega, kazi isiyotaka mtikisiko. Kisha nikaingoja. Kuingoja ndiko kulikoniponza. Kila bawaba ikilia naruka. Kila kijiko kikianguka nashika kifua.

Ilipolia kweli, aliyeruka ni mimi. Mkasi wangu ulipita katikati ya suruali ya sare ya shule kama kisu kwenye siagi. Sasa ni kaptula. Kaptula ya mguu mmoja.

Taratibu alimaliza mstari wake kwanza. Halafu akafungua droo, akaizima, akaigeuza huku na huku, akauliza ya nani. Nikainamia kaptula yangu. Akasema basi aliyemwekea ana moyo mzuri, maana huwa anasahau kupumzika na kunywa maji. Ameitundika juu ya meza yake. Inalia kila baada ya muda, anakunywa maji, anajinyoosha mgongo. Amenawiri.

Nyumbani mke wangu anatafuta saa. Nimemwambia huenda ni panya.

Alhamisi, 7 Machi

Usingizi umenihama. Asubuhi nilichelewa, kwa kuwa nyumba haina saa. Mdomo umetoka kidonda, koo linawasha, na nimekula sukari ya kwenye kopo kwa kijiko nikiwa nimejificha nyuma ya mlango. Mke wangu alinikuta. Nikamfokea kwamba kopo lenyewe limekaa vibaya.  Alinitazama tu kama mtu anayepima kitambaa kilichoingia nondo.

Kazini nilijaribu mbinu ya kimya. Nikasimama nyuma ya Taratibu na kushusha pumzi kila anapoweka chaki. Hakuna binadamu anayevumilia kupumuliwa kisogoni. Yeye akanivutia kiti. Akasema naonekana nimechoka, nikae, naweza kutazama hata nikiwa nimekaa.

Anapokata, anaimba kwa kukaza midomo, sauti nzito na ndefu kama nyuki mvivu. Nilimsimulia shemeji kwa njia ya mzunguko, nikidai ni rafiki wa rafiki. Akafurahi. Akasema pumzi ndefu za namna ile huziambia neva kwamba hatari imepita, na moyo hutulia. Yaani mjinga yule anajitibu bila kujua!

Halafu kuna mkanda wangu wa suruali. Unanichoma ubavuni, upande wa kushoto tu. Lazima ni hii ngozi ya bandia.

Ijumaa, 8 Machi

Nimebadilisha mkanda. Unachoma bado. Nimefunga kamba. Inachoma. Nimeshika suruali kwa mkono siku nzima kama mtoto aliyerithi nguo za kaka yake, na panachoma vilevile, kama pasi imepita.

Jaribio la mwisho: nilimdanganya Taratibu kwamba nimekuwa nikifundishwa na bingwa mmoja wa makoti, mtu wa siri, na kwamba sasa naweza kukata nimefumba macho. Nikamkazia macho nione kama kope zitacheza. Akasema hongera sana, ndugu yangu, na kwamba nikishinda atafurahi kufundishwa na mimi, maana mikono ya makoti humsumbua kidogo.

Anamaanisha! Mtu wa hivyo utamshambulia kupitia wapi?

Napiga chafya. Mke wangu anasema nilale. Nimemwambia mafua ni ya Taratibu, yamepotea njia tu.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika nimelalia ubavu wa kulia. Sababu itaonekana.

Mafundi wote walikuja kutazama. Mama Bosi alikaa katikati ya meza mbili, miwani puani. Kitambaa cha aina moja kwetu wote, kizito, cha kijivu. Taratibu akaanza kuvuma kama nyuki wake. Mimi nikachukua chaki, na chaki ikaanza kuandika yenyewe. Mstari uliotakiwa kunyooka ulitoka kama njia ya konokono mlevi. Jasho likadondoka juu yake, likafuta nusu. Nikaongeza mbio. Nikikosa unadhifu, angalau niwe wa kwanza.

Nilikuwa wa kwanza. Nikainua kazi yangu kwa ushindi.  Mama Bosi akavua miwani.

“Baba,” akasema kwa upole, “huyu mteja ana mikono miwili ya kushoto?”

Nikatazama. Ya kushoto. Yote miwili.

Nilitaka kujitetea lakini ubavu ulinichoma nikajikunja juu ya meza. Taratibu akaacha koti lake likiwa nusu, akanishika begani, akainua shati langu. Vipele vimejipanga kutoka mgongoni hadi mbele, vyekundu, vina maji.  Alimwomba Mama Bosi ruhusa na kunipeleka zahanati yeye mwenyewe, akitembea mwendo wake, na kwa mara ya kwanza mwendo ule ulinifaa.

Shemeji alikuwa zamu. Akatazama, akatikisa kichwa, akasema ni mkanda wa jeshi. Nikamwambia nimeshauvua mkanda tangu jana. Akacheka mpaka akashika ukuta. Daktari ndiye aliyenifafanulia kwamba hilo ni jina la ugonjwa: niliugua tetekuwanga utotoni, nikapona, lakini virusi vyake havikuondoka, vililala ndani ya neva miaka yote. Kinga ikilegea, huamka. Akauliza kama siku hizi nina jambo linalonisumbua akili.

Taratibu alikuwa amekaa pale pale, ameshika kofia yangu. Nikasema hapana, hakuna.

Jumatatu, 11 Machi

Nimepewa vidonge na amri ya kukaa nyumbani. Taratibu alirudi karakanani siku ile ile, akamaliza koti, akapewa ukuu wa meza ya kukatia. Jana alikuja kunitazama na mfuko wa machungwa. Aliketi mbali kidogo, akasema meza yangu ya dirishani hajampa mtu, na kwamba nikipona angependa tukate pamoja: yeye apime, mimi nikate, kwa sababu hakuna mwenye mkono mwepesi kama wangu ukiwa haujakasirika.

Nilitaka kumjibu kwa kebehi.  Nikala chungwa.

Alipoondoka, mke wangu aliketi kitandani akaniuliza kwa sauti ndogo ni nini hasa nilichokuwa nakikimbilia. Akasema wiki nzima alikuwa ananisikiliza ninavyosaga meno, akiogopa. Mkono wake ulikuwa baridi. Nikamwahidi nimeacha. Nikamwambia na ukweli wa saa yake. Akasema aliijua tangu mwanzo. Panya gani anayebeba saa?

Jumatano, 20 Machi

Vipele vimekauka. Mimi ni mtu mpya. Shemeji ameniandikisha kwenye kikundi cha mazoezi ya kupumua pale zahanati, kwa ajili ya watu wenye msongo. Mikeka, dirisha kubwa, mwalimu mwenye sauti ya pamba. Unafumba macho, unavuta pumzi polepole, unaishusha polepole zaidi. Hakuna ushindani, akasema mwalimu. Kila mtu na mwili wake.

Nimeyapenda mno. Nina kipaji.

Ila yupo dereva wa treni mstaafu, mkeka wa mbele. Mwalimu akampitia akamsifu mbele ya watu kwamba hajaona pumzi ndefu namna ile, kifua kinapanda na kushuka kama unga unaoumuka. Mimi, nyuma yake, hakunisifu. Nikaamua kumpita kwa urefu. Nikashikilia pumzi mpaka nikaona nyota, na walipotupima mapigo ya moyo, yangu ndiyo yaliyokuwa mbele ya kikundi kizima. Ushindi, ingawa mwalimu hakuupokea hivyo.

Nimeulizia habari za mzee huyo kwa majirani zake. Kumbe ana mama mkwe, bibi kizee ambaye mzee mwenyewe anamwogopa mpaka leo. Jumatano ijayo, kabla tu hajafumba macho, nitamnong'oneza kwamba nimemwona bibi huyo getini. Na masanduku.

Nikifikiria tu, moyo unanidunda na viganja vinalowa. Mazoezi yameanza kufanya kazi.