Picha ya Titi Langu Isikuzwe

Kwa Mkuu wa Kitengo cha Picha,

Salamu kwako na kwa mashine zako zote. Mimi ni yule fundi cherehani mliyempiga picha ya matiti wiki iliyopita, kisha mkamwita tena leo eti titi la kushoto lipigwe picha ya kukuza. Nimekaa kwenye benchi nje ya mlango wenu, zamu yangu haijafika, na nimekasirika. Nina malalamiko.

1. Binti wenu wa mashine ameniambia mmeona chembechembe za chokaa. Chokaa! Titi hili limenyonyesha watoto wakanona, na hakuna aliyewahi kutema chokaa.

2. Anasema zikiwa za mviringo na zimetawanyika, hazina neno. Zikiwa zimejikusanya na zina ncha, ni za kutiliwa shaka. Picha ya kwanza haioneshi ni zipi. Sasa jamani, kisichoonekana vizuri si kiachwe? Mimi mteja akisogeza jicho kwenye pindo nililoshona, namrudishia kitambaa chake. Akisimama mbali kidogo, mshono umenyooka kabisa.

3. Mtaani kwetu kazi ya kukuza mambo anayo wifi yangu, na anaifanya bure, bila umeme. Tangu asikie nimeitwa tena, ameshaanza kuulizia cherehani yangu atabaki nayo nani. Mume wangu naye, mtu wa kelele, siku hizi ananibebea ndoo na kuongea kwa upole. Upole wake unanitisha kuliko mashine yenu.

4. Kwa hiyo naomba mnunue mashine ya kupunguza. Picha ikipunguzwa, chembe zinapungua; ikipunguzwa zaidi, zinakwisha; ikipunguzwa sana, hata mgonjwa haonekani, na foleni yote hii inarudi nyumbani ikiwa nzima. Kuna tiba gani inayoshinda hiyo?

Nisalimie daktari anayesoma picha, mfagiaji aliyenisogezea benchi, na huyo binti wa mashine mwenye mikono ya baridi.

Ni mimi ninayengoja,
Fundi Cherehani

Tanbihi: Wameniita, naingia. Ile mashine ya kupunguza msiinunue. Dada yangu mkubwa naye alikutwa na chembe kama hizi. Akasema ni vitu vidogo tu, hakurudi. Cherehani ninayoshonea ilikuwa yake. Kuzeni, tafadhali. Kuzeni mpaka muone.