Ukuta wa Mawe na Spika Zangu

Jumatatu, Aprili 7, 2025

Kamati ya ule ukumbi wetu wa wazi wa maigizo imekutana. Tunataka uwe wa kisasa bila kupoteza sura yake ya zamani. Jumamosi tunachagua msimamizi wa kazi. Nani mwingine kama si mimi, Jamleck, mkodishaji wa mahema na spika pale Kiamunyi? Nikapendekeza paa la mabati kila mahali na spika kubwa kama friji. Akasimama Naliaka, mwalimu mstaafu. Marehemu baba yake na wenzake wa reli ndio walioujenga ukumbi huo. Ati tutengeneze vyoo, mtaro na njia ya viti vya magurudumu, lakini ukuta wa mawe nyuma ya jukwaa usiguswe. Wakampigia makofi. Makofi ya choo! Nimerudi nyumbani nimenuna.

Jumanne, Aprili 8

Kuna jambo linanisumbua. Watu wa zamani walisikiaje bila maikrofoni? Nimeenda kuchunguza peke yangu. Nimegongagonga ukuta kama mtu anayechagua tikiti maji. Nimeunusa. Nimepanda hadi kiti cha nyuma kabisa, nikatega sikio. Hakuna kitu. Kweli, jukwaani hapakuwa na mtu, lakini bado. Uamuzi wangu: watu wa zamani walikuwa na masikio makubwa.

Alhamisi, Aprili 10

Wueh! Nilikuwa nimefunga mabati juu ya safu chache za viti, nikapanga spika, nikaalika kamati na majirani. Kikundi cha Naliaka kikaanza kuigiza. Mvua nayo! Juu ya mabati yangu ikawa kelele tupu. Spika zikakohoa, zikazima. Sasa, hapa kwetu mvua ikinyesha watazamaji hupanda jukwaani, penye kapaa ka vigae, wanaketi miguuni pa waigizaji na mchezo unaendelea. Imekuwa hivyo tangu enzi za kina baba yake Naliaka. Basi wakapanda wote, wakabanana, wakacheka. Mama Jepleting, mwenyekiti wetu, alilia machozi ya furaha. Mimi nilibaki kule chini nikivitangazia viti faida za mabati.

Ijumaa, Aprili 11

Mpango mpya. Wamalwa ni rafiki yangu kwenye kamati. Nimemvuta hadi katikati ya jukwaa, mbali na masikio ya watu, nikamnong'oneza: usiku nitaupasua ukuta kidogo kwa patasi, kesho yeye apige kelele kwamba unaanguka, halafu mimi nitokee kama mwokozi. Wamalwa akaniuliza kama kutakuwa na nyama choma. Kabla sijamjibu, Mama Jepleting akasema kutoka safu ya juu kabisa, bila hata kupaza sauti, kwamba wamesikia yote, hata tumbo langu likinguruma. Yeye na Naliaka walikuwa wameinama huko wakipima njia ya viti vya magurudumu!

Nimeaibika, aki. Lakini pia nimefurahi. Kumbe ukuta ndio unaorusha sauti! Nilimwomba Mama aseme tena nisikie vizuri. Alikataa.

Jumamosi, Aprili 12

Naliaka amechaguliwa. Kura zote, hata ya Wamalwa. Imeniuma sana. Nilitaka hiyo kazi kuliko kitu chochote mwaka huu.

Halafu Naliaka akanifuata. Akasema hakuna aliyewahi kuthibitisha uwezo wa ukuta huo kama mimi, kwa hivyo siku ya ufunguzi nisimame jukwaani ninong'one, wageni wasikie wenyewe. Mimi! Peke yangu mbele ya watu wote! Nilimshika mkono nikashindwa kuuachia.

Wanakamati walipokuwa wakipanda ngazi kwenda zao, nikamvuta Wamalwa palepale katikati ya jukwaa. Nikamnong'oneza kwamba siku hiyo nitaficha kamaikrofoni kwenye kola ya koti, mnong'ono utoke na nguvu, na asimwambie mtu yeyote.

Kule juu wakaangua kicheko. Sijui wameona nini.